Kufunzwa Upya Kuna Umri?

Agosti 28, 2017, Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki. Wengi tunakumbuka vitisho vya faini ya hadi Sh4 milioni. Jirani yangu hapa Mukuru kwa Njenga, mtaa wa mabanda jijini Nairobi, anakumbuka mashine ya mifuko aliyoiendesha miaka tisa kule Industrial Area, eneo la viwanda, ikizimwa, naye akipigwa kalamu pamoja na wenzake wa zamu. Alipata haki yake: Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri alipe mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka wa kazi. Miaka tisa ni siku 135. Kodi na karo zilizimeza kabla ya Pasaka. Tangu hapo ni mjengo, na huko yeye ni mtu wa mkono, wa kubeba mchanga.

Kila mpango wa ajira ukitangazwa hujitokeza na bahasha yake ya kaki, na kila mara hukwama kwenye umri. Kazi Mtaani ya 2020, vibarua vya serikali vya kusafisha mitaa, ilikuwa ya vijana. KYEOP, mpango wa mafunzo na ajira uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, ulichukua wa miaka 18 hadi 29, na NYOTA uliourithi umeshika umri uo huo, isipokuwa wenye ulemavu wanaoruhusiwa hadi 35. Mashine ilipozimwa, yeye alikuwa na 38.

Wanaotetea kikomo hiki hawakosi hoja. Takribani robo tatu ya Wakenya hawajafika 35, na kijana aliyemaliza Form Four hajawahi hata kuonja mshahara. Tena KYEOP haukumfungia darasani. Ulimpeleka kwa fundi wa jua kali akashika kazi kwa mikono yake. (Ingawa fundi naye si mjinga. Ukimfunza kijana kila kitu, kesho anafungua kibanda mkabala na chako.) Hata Kazi Mtaani, inayobezwa sana, ililipa Sh455 kwa siku katika awamu yake ya pili, wakati vibarua vyote vilikuwa vimekauka. Anayeziita pesa za bure hakuishi mtaani mwaka ule. Ila tusiyaite mafunzo: mtu aliingia ameshika fyekeo, akatoka ameshika fyekeo.

Kinachonikera mimi hasa si umri, ni Sh50. Hiyo ndiyo tozo ambayo mwajiri anatozwa kwa ajili ya NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, kwa kila mwezi na kwa kila mfanyakazi. Kwa miaka tisa, kichwa cha jirani yangu kilipaswa kuingiza Sh5,400. Mwajiri akimpeleka mtu wake kozi, anaweza kudai arudishiwe gharama. Mwenye kudai ni mwajiri. Basi siku ambayo mfanyakazi anahitaji ujuzi mpya kuliko siku zote, yaani siku aliyoachishwa, hana mwajiri, na hana wa kumdaia.

Wenye viwanda watasema tozo hiyo ni ya kuinua kazi viwandani, haikuwa bima ya walioachishwa, na ukiifungulia kila mtu itakauka. Halafu umfunze nini? Kumpa mtu useremala katika jiji ambalo makochi yamepangwa kandokando ya Ngong Road yakisubiri wanunuzi ni kumpa cheti cha kusota nacho. Hoja hiyo ni nzito, na jibu lake lote sina.

Lakini kwa mifuko, serikali yenyewe ndiyo iliyoiondoa ile kazi. Tangazo lilitolewa Februari, marufuku ikaanza Agosti. Tarehe ilijulikana, viwanda vilijulikana, na miezi sita inatosha kumfunza mtu mzima kupiga plasta. Hapo sioni kisingizio.

Siku hizi kuna utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu ameupata kazini, bila kujali alisomea wapi, na huko hawamfukuzi mtu kwa sababu ya mvi. Jirani ameujua plasta kwa kumtazama fundi miaka hii yote akimchanganyia saruji. Anataka kufanya mtihani apate karatasi ya Grade, yaani cheti cha ufundi, kwa sababu mjengoni fundi na mtu wa mkono hawalipwi sawa. Ada anaidunduliza kutoka pesa ya kubeba mchanga.