Kilomita 50 Zilizofutwa

Alfajiri moja baada ya sala nilikuwa nikijaribu kutembea kwa kasi kandokando ya bahari, kutoka mjini Lamu kuelekea Shela, goti limenyooka na kiuno kikizunguka kama wafanyavyo wanamichezo wenyewe. Mzee mmoja aliyekuwa akikwangua mashua yake chini ya ukuta aliinua kichwa, akanitazama kwa huruma ya kweli, akaniuliza, "Mwanangu, ni punda aliyekupiga teke?" Nilicheka, naye akacheka, lakini swali lake lilinikaa, kwa kuwa wengi wanaouona mchezo huu wa kutembea kwa mashindano kwa mara ya kwanza huanza kwa kucheka na wala hawarudi kuutazama tena.

Kanuni zake kubwa ni mbili. Mguu mmoja lazima uwe umegusa ardhi wakati wote, kwa kadiri jicho la binadamu linavyoweza kuona, na mguu unaotangulia lazima uwe umenyooka gotini tangu unapogusa chini mpaka mwili upite juu yake. Ukizisoma utaziona nyepesi. Mimi sikuwa nimefika hata nusu ya njia ya Shela, ambayo yote haizidi kilomita tatu na kitu, nikahisi misuli ya mbele ya ugoko ikiwaka moto, na kila nilipoongeza mwendo goti liliniomba ruhusa ya kukunjika, kwa maana mwili ukihimizwa hutaka kukimbia. Mtembeaji hushindana na wenzake huku akishindana na tamaa hiyo ya mwili wake mwenyewe, na sijui mchezo mwingine unaomdai mtu ajizuie na ajitume kwa pamoja namna hiyo.

Sasa fikiria kujizuia huko kwa saa tatu na nusu. Mwaka 2014, mjini Zürich, Mfaransa Yohann Diniz alitembea kilomita 50 kwa saa 3, dakika 32 na sekunde 33. Ukipiga hesabu, utaona kwamba kwa mwendo huo angefikisha umbali wa marathoni kabla ya saa tatu kutimia, muda ambao wakimbiaji wengi wa kawaida huuota miaka nenda miaka rudi. Na huyo alikuwa akitembea.

Ndiyo maana nashikilia kwamba thamani ya mchezo huu imo katika masafa marefu. Katika masafa mafupi mwenye nguvu za ujana anaweza kuificha kasoro ya mwendo wake, lakini baada ya kilomita 35 uchovu huvua kila pambo, na anayebaki ni yule aliyejifunza kutembea sawasawa mpaka miguu ikazoea kutii hata akili inapochoka. Mhispania Jesús Ángel García alishiriki kilomita 50 katika Olimpiki nane, na ya mwisho aliishiriki akiwa na umri wa miaka 51. Huku kwetu mtu wa umri huo huitwa mzee na kupishwa kiti barazani.

Mashindano hayo ya wanaume yaliingia Olimpiki mwaka 1932, yakarukwa mara moja tu, mwaka 1976, na yakafanyika kwa mara ya mwisho mwaka 2021 huko Sapporo, ambako Dawid Tomala wa Poland alitwaa dhahabu. Kisha yakafutwa. Hoja mojawapo ilikuwa usawa, kwa kuwa wanawake hawakuwa na kilomita 50 zao katika Olimpiki. Hoja ni ya haki kabisa, lakini dawa yake siikubali hata kidogo, kwani wanawake walikuwa tayari wametembea masafa hayohayo katika mashindano ya dunia ya 2017 na 2019. Ni sawa na mama mwenye mkate mmoja na watoto wawili kuutupa baharini ili wasigombane, ilhali unga wa kuoka wa pili ulikuwa jikoni. Paris 2024 ilileta mashindano ya kutembea kwa kupokezana yenye urefu wa marathoni, ambayo Wahispania Álvaro Martín na María Pérez walishinda. Niliyafurahia mashindano hayo, ingawa umbali uliogawanywa vipande vinne kati ya watu wawili haumfikishi yeyote pale ninapopataka mimi.

Wapo wanaosema kwamba mchezo unaotegemea jicho la mwamuzi si mchezo. Nakiri kuwa jicho hilo lina ukatili wake: mwaka 2000 huko Sydney, Jane Saville wa Australia aliondolewa kwa kadi nyekundu akiwa anaongoza, karibu kabisa na kuingia uwanjani, mbele ya watu wake. Hata hivyo wakati huo mtembeaji hakuondolewa mpaka kadi hizo zitoke kwa waamuzi watatu tofauti, na hiyo ni hadhari ambayo mpira wa miguu, tunaoupenda pamoja na penalti zake za utata, uliishi bila hiyo kwa miaka mingi.

Kenya nayo ina watembeaji. Samuel Gathimba alipata shaba katika Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2018, na Emily Ngii akapata shaba katika michezo hiyo mwaka 2022. Taja majina hayo katika baraza lolote la hapa Lamu uone nani atakayeitikia.

Na hapa ni mahali ambapo watu hutembea, kwa kuwa vichochoro vyetu havikujengwa kwa magari. Tunashindanisha punda na majahazi, watu wakajaa ukutani kushangilia. Sioni kwa nini siku moja wasipangwe watembeaji, mjini hadi Shela na kurudi, mara tatu kwa kuanzia, wazee wakiwa na kundi lao. Waamuzi tutawapata, maana ule ukuta haujawahi kupungukiwa na macho makali. Sharti ni kwamba tarehe isiangukie bamvua, kwa sababu maji yakijaa njia ya Shela humezwa na bahari, na hakuna mwamuzi atakayeweza kuona kama mguu umegusa chini.