Kumbukumbu ya Keskidee iwe ya kubebeka

Mwaka 1971, kwenye mtaa wa Gifford Street huko Islington, kaskazini mwa London, msanifu majengo Oscar Abrams, mzaliwa wa Guyana, aligeuza ukumbi mkuukuu wa misheni kuwa kituo cha utamaduni cha Wakaribea. Kikaitwa Keskidee. Kilikuwa na jukwaa, maktaba na karakana ya uchongaji, na kilidumu miaka 20 kabla ya kufungwa 1991. Mwaka 2011 kikabandikwa kibao cha kumbukumbu ukutani. Mwaka uliofuata jengo likashika moto.

Ratiba hiyo inatosha kuwazindua wote wanaotaka kukikumbuka kituo kama hicho kwa sanaa ya jamii. Karibu kila kikundi huanza kwa kutafuta ukuta, na karibu kila mara ukuta huo ni wa mtu mwingine. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Mwenye jengo akiuza, akipaka rangi au akibomoa, kumbukumbu inakwenda naye. Watu waliokwisha kupoteza jengo moja hawana sababu ya kugandisha kumbukumbu yao kwenye jengo la pili.

Wapo watakaonitajia Reading, mji ulio magharibi mwa London. Pale kuna picha ya ukutani ya historia ya watu weusi, urefu wa mita 36, iliyomalizika kuchorwa 1990 kwenye Central Club, klabu ya jamii ya Wakaribea. Klabu ilifungwa 2006 na picha ingalipo. Ni kweli, na nawavulia kofia. Lakini wenyeji walilazimika kuipigania kila jengo lilipozungumziwa kuuzwa, maana rangi iliyo kwenye tofali haihami.

Kwa hiyo nashauri mozaiki, yaani picha ya vipande vya vigae, juu ya mbao za saruji zinazofunguliwa kwa bisibisi. Mbao hizo huuzwa zikiwa na unene wa milimita 12, na kipimo cha sentimita 120 kwa 60 kinabebeka. Mbao tisa, tatu kwa tatu, zinatoa picha ya upana wa mita 3.6 na kimo cha mita 1.8, yaani mita za mraba 6.5 hivi. Ukikata vigae vya sentimita 2 na kuacha nafasi ya milimita 2 hadi 3 kati yao, mita moja ya mraba inameza vipande kama 2,000. Jumla ni karibu 13,000. Kadiria mtu asiye fundi anakata na kupanga vipande 80 kwa saa: ni saa 160 za kazi. Watu 12 wakikutana kwa saa mbili mbili, vikao saba vinamaliza. Ukiongeza watoto, ongeza vikao pia, usipunguze. Na miwani ya kukinga macho si ya hiari, kigae kikikatwa kinarusha vibanzi kama wembe.

Kabla ya koleo la kukatia, kuna swali la nini kichorwe, na hapa ndipo vikundi vingi hupotea. Mwaka 1978 Bob Marley alirekodi hapo Keskidee video ya wimbo "Is This Love", na kati ya watoto waliomo ni Naomi Campbell, mwanamitindo wa baadaye, akiwa na miaka 7. Basi mchoro wa kwanza kuletwa mezani utakuwa uso wa Marley, hata bila kuombwa. Mimi ningeukataa. Marley alipita. Waliokaa ni akina Linton Kwesi Johnson, mshairi aliyekuwa mtu wa maktaba na elimu kituoni hapo. Emmanuel Taiwo Jegede, mchongaji kutoka Nigeria. Na waigizaji walioongozwa na Rufus Collins, ambao mwaka 1979 walifika na maonyesho yao hadi New Zealand. Isitoshe, kwa vipande vya sentimita 2 uso wa mtu hausomeki ukiwa chini ya sentimita 60. Hata Marley atafanana na yeyote mwenye rasta.

Ndege anasomeka vizuri zaidi. Keskidee ni ndege wa Guyana, Trinidad na nchi jirani: tumbo njano, kichwa chenye mistari myeusi na myeupe, mgongo wa kahawia. Ni rangi nne tu, zote zinapatikana dukani. Mlio wake umefananishwa na maneno ya Kifaransa yenye maana ya "anasema nini?" Ningeliandika swali hilo kwa herufi za kimo cha sentimita 15, si pungufu, na kandokando yake ningeweka ramani ya ukumbi. Ramani hiyo wachore waliowahi kuingia humo, kila mmoja peke yake kwanza, ndipo walinganishe. Wakibishana ngazi ilikuwa upande gani, mnakaribia kupata picha ya kweli. Watu wanaoitwa siku ya mwisho ili wabandike vipande vilivyokwisha kuchaguliwa na msanii hawajashirikishwa, wamepewa kibarua.

Wazee wataleta sahani na vikombe vya nyumbani ili viingie kwenye mozaiki. Wazo zuri, na ni hatari. Vyombo vya udongo laini, na hata vigae vya kawaida vya ukuta wa jikoni, hunywa maji zaidi ya asilimia 10 ya uzito wao. Maji yakiganda kwenye baridi ya London hutanuka, na ngozi yote ya juu hubanduka kama maganda. Kauri ngumu hunywa asilimia 0.5 au chini ya hapo. Kipimo chake ni rahisi: geuza sahani, tia tone la maji kwenye ukingo wa chini usio na mng'ao. Likifyonzwa papo hapo, sahani hiyo iende kwenye kazi ya ndani ya nyumba, na mwenyewe aambiwe sababu kabla haijavunjwa. Sisi wa pwani tuna ushahidi wetu. Makaburi ya kale ya Kunduchi na Mambrui yalipambwa kwa bakuli za kauri za Kichina zilizozamishwa kwenye chokaa. Nyingi ziling'olewa na wezi, lakini jua na chumvi havikuzishinda.

Kazi yenyewe hufanyika mezani. Karatasi ya mchoro iko chini, juu yake nailoni inayoonyesha, kisha wavu wa faiba, na vipande hubandikwa kwenye wavu. Gundi nyeupe ya mbao ya kawaida isikaribie hapa, kwa sababu ikilowa hurudi kuwa uji. Itumike isiyoyeyuka kwa maji, tone moja kwa kila kipande. Wakarimu wa gundi ndio wanaoharibu: wakiziba matundu ya wavu, saruji haitakishika kigae kwa nyuma, na mwaka wa pili picha huanza kudondoka.

Wavu uliokauka hulazwa kwenye ubao kwa gundi ya saruji ya nje, kwa mwiko wa meno ya milimita 3 au 4. Meno makubwa zaidi yatasukuma gundi ipande kati ya vigae, na grauti, yaani saruji laini ya kujazia nafasi hizo, haitapata pa kukaa. Subiri saa 24, au mara mbili yake ikiwa joto liko chini ya nyuzi 10. Grauti iwe ya kijivu iliyoiva. Nyeupe huvunja picha vipandevipande, jicho likaona mistari badala ya ndege. Futa kwa sponji iliyokamuliwa, si inayochuruzika, maana maji mengi huipausha na kuidhoofisha.

Kila ubao ukikamilika una kilo 27 hivi, wa kubebwa na watu wawili. Zifungwe kwenye fremu kwa skrubu za chuma kisichoshika kutu, nyuma ibaki nafasi ya sentimita moja hewa ipite. Juu ya vichwa vya skrubu bandika vigae kwa silikoni, na kati ya ubao na ubao jaza silikoni pia. Ukiweka grauti hapo, mbao zitakapotanuka na kusinyaa itapasuka. Siku ya kuhama, vigae vya skrubu hukatwa kwa kisu na picha yote inashuka.

Karatasi ya makubaliano na mwenye ukuta iseme waziwazi kwamba mbao ni mali ya kikundi na kwamba atatoa taarifa ya siku 90 kabla ya kuuza au kukarabati. Orodha ya mbao kwa namba, na ramani ya skrubu zote, ikae kwa watu watatu wasioishi nyumba moja. Pamoja nayo wekeni akiba ya kilo mbili za vigae vya kila rangi, na njano iwe nne: kiwanda kikibadilisha njano yake, tumbo la ndege litaonyesha kiraka.