Kuvu za mizizi katika malisho: mifugo iondoke au nyasi zipumzishwe?

Wanaotaka mifugo iondolewe katika malisho yaliyochoka wana hoja nzito. Maikoriza, yaani kuvu zinazoishi ndani ya mizizi ya nyasi, haziwezi kuishi bila mmea: hupokea sukari inayotengenezwa na majani, nazo huupa mmea fosforasi na zinki kutoka mahali ambapo mzizi wenyewe haufiki. Ng'ombe akirudi kabla nyasi hazijachipua vizuri, mmea hutumia akiba yake kuotesha majani mapya, na kuvu hukosa mgawo wake.

Hata hivyo, nyasi za Afrika Mashariki zimeliwa na wanyama tangu enzi na enzi. Huko Serengeti, mwanaikolojia Samuel McNaughton alionyesha kwamba nyasi zikiliwa kwa kiasi huchipua upya na hata kufidia zilichopoteza, na mmea unaochipua huhitaji fosforasi, hivyo bado unazihitaji kuvu zake. Isitoshe, tofauti nyingi tunazowabebesha wanyama huenda zinatokana na udongo wenyewe. Nyanda za kusini mashariki mwa Serengeti zina udongo wa majivu ya volkano, ambao huenda una fosforasi nyingi kuliko wa kwingine. Na pale fosforasi inapopatikana kwa wingi, mmea hupunguza sukari unayozipa kuvu, awe amepita nyumbu au hakupita.

Hoja za pande zote mbili hudhoofishwa na kipimo kinachotumika. Mizizi huchemshwa, hutiwa rangi ya buluu, kisha hutazamwa kwa hadubini, ambamo kuvu huonekana kama vichaka vidogo ndani ya seli. Kipimo hicho huonyesha sehemu ya mzizi iliyokaliwa, lakini hakisemi ni aina ngapi za kuvu zilizomo. Malisho yanaweza kuwa na mizizi iliyojaa kuvu za aina chache tu zinazostahimili kukanyagwa, nasi tukayahesabu kuwa na afya.

Kwa maoni yangu, suala kubwa ni muda wa kupumzika, na hapa ngitili ya Wasukuma inastahili kuangaliwa kwa makini: eneo hufungwa wakati wa mvua, nyasi zinapokua, na kufunguliwa kiangazi malisho yanapoadimika. Ilianzishwa kwa ajili ya malisho ya akiba, hivyo si haki kuisifu kwa faida ambayo haijapimwa. Watafiti wahesabu aina za kuvu kwa vinasaba, ndani na nje ya ngitili, kwenye udongo wa aina moja, kabla mfugaji yeyote wa Shinyanga hajaambiwa apunguze mifugo kwa ajili ya udongo.