Mie na jirani zangu wa skuli ya masista

Dalali alinambia kiwanja hichi bwana wee raha tupu, jirani yako skuli ya masista, utalala mpaka uchoke. Dalali yule Mungu anamuona.

Mie nikitoka msikitini alfajiri napenda nijilaze kidogo, ule usingizi mtamu wa kabla ya chai. Ndo kwanza nimejifunika shuka, ngo ngo ngo ngo! Skuli ina maabara, ina kompyuta, ina mpaka Fomu Siksi, lakini kengele ni rimu la lori limetundikwa mwembeni na mlinzi analipiga utafikiri linamdai. Basi usingizi huo ushakwisha, nakaa kitandani natizama dari.

Sasa subiri saa moja. Noah, IST, skuli basi, Vespa zina mshikaki wa watoto wanne na mabegi yao, wote hao njia ni moja na njia yenyewe ikinyesha masika inakuwa bwawa. Na kila siku lazima atokee mmoja aegeshe mbele ya geti langu. "Dakika moja tu shekhe." Anaingia skuli kulipa ada, huko anakutana na mzazi mwenzake, wanaulizana hali, wanaulizana mtihani wa Fomu Foo, mie na Vespa yangu tuko ndani kama tumefungwa jela na Darajani kuna mtu ananisubiri dukani anataka klachi.

Lakini hayo yote afadhali, kubwa ni mchana. Watoto wakiwa ndani ni Kiingereza tu, ndo sheria, wakishavuka geti kile Kiswahili walichokizuia tokea asubuhi chote wanakuja kukimwaga ukutani kwangu. Na mwembe wangu sasa, boribo ile, nimeipanda mwenyewe kwa mkono huu. Jumanne nimemkuta mmoja juu kabisa, shati nyeupe imetiwa ndani ya suruali vizuri, embe mbili mkononi na ya tatu kaibana kwa meno. Akanitizama, akaitoa ile ya mdomoni kwa heshima zote, akasema, "Shikamoo babu."

Babu! Mie nna miaka 44 yakhe. Na nikajikuta naitikia "marahaba", sasa ushamuitikia mtu salamu utamtandika vipi tena?

Nikamwambia mama watoto nakwenda kushtaki. Hata hakunitizama. Yeye anawauzia bajia na barafu za ubuyu pale dirishani, kwake skuli ile ni kama bandari. Nikaenda barazani kwenye kahawa kutafuta wa kuniunga mkono, mzee mmoja akateremsha kikombe akaniuliza, "Mapadri wamekuja Unguja 1860, zama za Sultani Sayyid Majid. Weye umehamia lini?" Nikasema mwaka juzi. "Na lile kanisa lao la Minara Miwili pale Shangani limesimama tokea miaka ya 1890, weye nyumba yako hujapiga hata plasta. Sasa mgeni nani hapa?" Baraza zima likacheka, hata muuza kahawa, na mie ndo nilokuwa namlipa.

Nikenda peke yangu. Nimevaa kanzu iliyopigwa pasi, maneno nshayapanga njia nzima, makali. Nafika ofisini, Sista Mkuu, mtu wa Bara, mdogo wa umbo, sauti ya chini. "Karibu mzee wangu, keti." Mzee tena! Nikakaa. Wallahi sijui kulikuwa na nini kwenye kile kiti, miguu yenyewe ikajikusanya pamoja, mikono juu ya magoti, nimekuwa Fomu Wan. Yeye anasema shule mie nasema skuli, lakini tunaelewana. Akachukua daftari, akawa anaandika kila ninalosema, kengele, magari, embe, mipira inayovunja vigae, hakunikatiza hata mara moja. Nikimaliza akageuza ukurasa.

"Kweli kabisa mzee. Ile michongoma ya upande wako haizuii kitu, ndiyo maana tunataka tujenge ukuta. Majirani wote wanachangia saruji. Wewe tukuandike mifuko mingapi?"

Nilikuja kudai mie! Nikafungua mdomo niseme sina, ukatoka "mitano". Nilikuwa hata sijafikiria miwili. Akaandika taratibu, akapiga mstari chini.

Nikainuka, nishafika mlangoni.

"Na ile mipira yetu minne mzee, ukipata nafasi."

Minne! Nilidhani hakuna aliyehesabu. Nikenda nikaitoa stoo, nikavuka njia nimeikumbatia kifuani na kanzu yangu ya pasi, na Fomu Tuu wako mapumzikoni wamejipanga kama wanapokea rais. "Ahsante babuuu!"

Narudi nyumbani, getini kuna IST. Dereva hayupo.