Kapi Linanichongea

Jamani, mimi nina deni dukani. Si kubwa la kuitiwa sheha, ni la unga, sukari na kopo moja la rangi. Na mwenye duka si mtu mbaya, ila baraza lake linatazama moja kwa moja pwani tunapofunga vyombo hapa Nungwi. Hata hivyo ningeweza kurudi jua likizama, nikashusha tanga kimyakimya, nikapita nyuma ya minazi. Wapi! Kimashua changu kina kapi la henza, kile kidude chenye gurudumu inamopita kamba ya kupandishia tanga. Nikipandisha foromali, ule mti unaobeba tanga, linalia, nikishusha linalia mara mbili, sauti ya mbuzi aliyekanyagwa mkia. Mwenye duka hana haja ya kutazama. Anasikia, anavaa kofia, anateremka na daftari.

Ugonjwa naujua, nimelifungua mwenyewe. Roda, lile gurudumu la ndani, ni ya mti, na chuma inachozungukia ni kipande cha nondo nilichookota kwenye jengo. Chumvi ikashika nondo, ikaingia kutu, kutu ikavimba, roda ikabanwa upande. Haizunguki tena, inaburutwa. Henza nayo inasuguliwa mpaka imeota ndevu. Nikimtajia mama watoto bei ya kamba mpya, ananitazama kama mimi ndiye niliyeiumba bahari ikawa na chumvi.

Basi pwani hii kila mwenye mdomo ni fundi. Mjomba akasema mafuta ya nazi. Nikapaka, siku mbili raha mustarehe. Ya tatu maji yametoka, chombo kimelala mchangani, nakuta sisimizi wamepanda mlingoti msururu mmoja kama wanapeleka posa. Nikaondoka nao. Ulishawahi kushika demani, kamba ya kuongozea tanga, kwa mkono mmoja na kujikuna kwapa kwa mwingine, upepo umechacha?

Jirani yangu dereva akaniletea grisi. "Hii ndiyo mwisho wa maneno." Kwenye gari lake, labda. Huku kaskazi ikivuma mchanga unaruka, na grisi haichagui mgeni. Imekusanya mchanga wote ikawa msasa. Kapi likaacha kulia, likaanza kusaga meno. Ya oili chafu hata sitaki kuyasema. Ilichuruzika mlingotini ikaingia kwenye tanga, tanga jeupe la turubai, sasa lina ramani nyeusi isiyo ya nchi yoyote.

Tena kuna mzungu alitia nanga na jahazi lake la starehe, nikampelekea pweza. Makapi yake yana gololi ndani, ukiyapuliza tu yanazunguka. Nikamuuliza anapaka nini. Hapaki kitu! Akirudi anayasuuza kwa maji baridi kutoa chumvi, basi. Nikacheka mpaka akadhani nimemtukana. Mimi nyumbani naoga kata tatu, ndoo imetiwa alama kwa mkaa, halafu nikakogeshe kapi! Lakini nikilala maneno yake yananirudia, maana chumvi ndiyo mchawi wa haya yote. Usiku mmoja nikaiba kata mbili. Asubuhi nikaulizwa mbele ya watoto.

Mwisho nikaenda kwa fundi wa vyombo, mzee wa watu, shikamoo zangu mkononi. Akalitazama kapi, akanitazama mimi, hakujua aanze kumhurumia nani. Akaitoa ile nondo, akaikwangua kutu, akaipiga msasa, akapanua tundu ya roda kidogo ipate kupumua, maana mti ukilowa unavimba. Kisha akanipa chupa. "Mbao za chombo hiki unazipaka nini, mwanangu?" Sifa, nikamjibu. Mafuta ya maini ya papa, nani asiyejua? "Basi na kapi nalo lipake."

Nikapaka. Nikapaka na jingine, nikapaka na kichwa cha mlingoti, chupa ikaisha, nusu yake shatini mwangu. Jioni ile nikarudi, tanga likashuka kama shuka ya hariri, hata kunguru hakugeuka. Nikatembea kwa ncha za vidole, kaskazi inanisukuma mgongoni kutoka baharini, nakata kona kwenye minazi ya mwisho.

Mwenye duka yuko njiani, daftari kwapani, mkono mmoja umeziba pua.

"Karibu bwana," akasema. "Sifa zako zimefika kabla yako."