Kwenye Nyumba ya Baridi, Chachu Ipewe Joto Kabla ya Unga

Ushauri unaosikika sana kuhusu chachu ya asili ya mkate ni kuilisha, yaani kutupa sehemu yake na kuongeza unga na maji mapya, kila baada ya saa 12, asubuhi na jioni, bila kukosa. Kwenye nyumba yenye joto la nyuzi 25 ushauri huo hauna neno. Kwenye nyumba yenye nyuzi 16 unaidhoofisha chachu siku hadi siku, na mwenyewe anabaki akilaumu unga, maji, hata mikono yake.

Chachu ni makazi ya viumbe hai wa aina mbili: fangasi wadogo wa hamira, ambao hutoa gesi ya kuumusha mkate, na bakteria wanaotengeneza asidi ya laktiki, ambao huleta ule uchachu na kuzuia wadudu wabaya wasiingie. Wote kasi yao inatawaliwa na joto. Kwenye nyuzi 26 hivi wanafanya kazi kwa bidii. Shuka hadi 16, kazi ileile inachukua muda mara mbili au zaidi. Sasa kila unapotupa sehemu ya chachu na kuongeza unga na maji, unapunguza idadi ya viumbe hao, nao wanahitaji muda wa kuzaliana mpaka warudi walipokuwa. Ukiwalisha tena kabla hawajafika, unazidi kuwapunguza. Asidi nayo inapungua, na chachu inabaki uji wa unga usio na kinga. Ndiyo maana nashikilia kwamba kwenye baridi, kulisha mara kwa mara kuna madhara zaidi kuliko kuchelewa kulisha.

Basi achana na saa, tazama chupa. Zungushia chupa mpira mwembamba (rababendi) usawa wa chachu mara tu baada ya kuilisha. Itapanda, mapovu yataonekana ubavuni, mengine madogo kama punje za mtama, mengine marefu yaliyovutika kwenda juu. Ikifika kileleni, uso wake huwa umetuna. Baadaye unakuwa bapa, kisha katikati panadidimia na kioo kinabaki na utando unaoonyesha ilikofika. Harufu nayo inabadilika, kutoka ile ya maziwa mgando kwenda kwenye ukali wa siki. Hapo ndipo pa kulisha, iwe zimepita saa 8 au siku nzima na ushee.

Wanaoanza chachu mpya ndio ninaowahurumia zaidi. Siku ya pili au ya tatu chupa hufura mapovu, furaha tele, halafu kimya. Mapovu yale ya kwanza kwa kawaida ni ya bakteria wengine ambao asidi ikipanda wananyamaza, na hamira inakuwa bado haijashika nafasi. Nyumba ikiwa na baridi, kimya hicho kinaweza kuzidi wiki. Wengi huitupa hapo, ilhali ilikuwa haijafa. Ilihitaji joto na subira.

Joto lenyewe lipatikane wapi? Mimi naanza na maji ya kulishia, kwa sababu kila mtu anayo na maji hubeba joto jingi kuliko unga. Chukua chachu gramu 50, unga gramu 50, vyote viko kwenye nyuzi 16. Ukitia maji gramu 50 ya nyuzi 40, mchanganyiko unatua kwenye nyuzi 27 hivi. Koroga maji na unga kwanza, ndipo uingize chachu, ili isimwagiwe maji ya moto moja kwa moja. Na chupa usiisahau! Chupa nzito ya kioo iliyokaa kwenye baridi inanyonya nyuzi kadhaa papo hapo, kwa hiyo isuuze kwa maji ya moto kabla ya kuitumia.

Kisha lizuie joto hilo lisitoroke. Hotipoti kubwa inafaa sana: weka chupa ndani, pembeni weka kikombe cha maji ya moto, funika. Maji yakipoa, badilisha. Boksi lolote linalohifadhi joto litafanya kazi hiyohiyo. Weka na kipimajoto humo ndani, maana mkono hauwezi kutofautisha nyuzi 24 na 30, na chachu inatofautisha.

Taa ya oveni wengi wanaisifu, nami siikatai, ila ina mitego. Balbu za zamani zinatoa joto, za LED karibu hakuna. Ile yenye joto, mlango ukifungwa usiku kucha, inaweza kupita nyuzi 35, na hapo hamira inaanza kushindwa. Acha mlango wazi kidogo, na bandika karatasi kwenye swichi, kwa sababu mtu mwingine wa nyumbani akiwasha oveni bila kujua, chachu imekwisha. Juu ya hita sipataki kabisa: chini ya chupa panaungua na juu pamebaki baridi. Mikeka ya umeme nayo naikubali tu kama ina kidhibiti cha joto.

Woga wetu umeelekezwa pasipo. Tunaiogopa baridi, ilhali kwenye friji ya nyuzi 4 chachu iliyokomaa inalala wiki kadhaa na kuamka salama. Joto la nyuzi 50 na kuendelea ndilo linaloiua isirudi tena.

Kama huwezi kupandisha joto zaidi ya nyuzi 19 au 20, rekebisha kiasi. Bakiza chachu ya zamani nyingi, kipimo kimoja kwa kimoja cha unga na kimoja cha maji, badala ya moja kwa tano kwa tano. Changanya na unga usiokobolewa kidogo, una chakula kingi na viumbe wake wenyewe. Na siku ya kuoka, donge la mkate nalo lipewe maji ya uvuguvugu na mahali pake penye joto, maana chachu iliyolelewa vizuri ikiingizwa kwenye donge la nyuzi 16 itarudi kujikongoja vilevile.