Kabla hujalipa dola 300, kamuulize mwenye funguo za kabati la swichi

Juzi kwenye kundi la WhatsApp la vijana wa IT hapa Kampala mtu kaitupia tena ile picha: ngazi ya rangi, chini kabisa A+, cheti cha kuanzia ufundi wa kompyuta, juu kabisa CISSP, cheti cha wazoefu wa usalama wa mifumo, na kando ya kila cheti mshahara wa mwaka kwa dola. Maswali yakamwagika. "Wakubwa, naanza na kipi?" "Nina A+, nifuate klaudi au usalama?" Hakuna hata mmoja aliyeuliza mishahara ile inalipwa mji gani. Mtaa wetu wa Ntinda siyo, hilo nina hakika nalo.

Sina ugomvi na vyeti. Ninavyo, na vimenilisha. Kinachonichoma ni kuona mtu anachagua cheti kama anayechagua shati soko la Owino: linang'aa, lete, kupima tutapima nyumbani.

Jamani, vitu hivi vina tarehe ya kufa. CCNA, cheti cha mitandao cha Cisco, miaka mitatu. Security+, cha usalama, mitatu. AWS Solutions Architect, cha klaudi ya Amazon, mitatu. Saa inaanza kuhesabu siku unayofaulu, haisubiri upate kazi. Sasa mchukue kijana wetu ambaye kazi yake ni kukimbilia printa iliyogoma na kumrudishia mhasibu nywila aliyoisahau, kila Jumatatu bila kukosa. Anajinyima, anakopa SACCO, analipa dola 300 za mtihani wa CCNA. Hiyo ni zaidi ya milioni moja ya shilingi zetu, na bado hajanunua data ya kusomea, ambayo nayo serikali imeipachika kodi ya asilimia 12. Anafaulu. Pongezi zinamiminika LinkedIn. Jumatatu anarudi kwenye printa.

Swichi, vile vifaa vinavyounganisha kompyuta za ofisi, ziko kabatini, kabati limefungwa, funguo anazo mtu mwingine. Miezi inapita, mtandao wa ukubwa wa /26 una anwani ngapi hakumbuki tena mpaka atafute kikokotoo. Halafu siku moja usaili unakuja kweli. Anaulizwa: ruta mbili, zote zina OSPF (utaratibu wa ruta kupashana habari za njia), mbona zinakataa kuwa majirani? Anatazama dari. Mwenzake asiye na cheti chochote, aliyewahi kukesha na tatizo hilo hilo mpaka akagundua kwamba vipima muda vya pande mbili havilingani, anajibu kabla swali halijaisha. Kazi anapata nani? Na yule wetu cheti chake kinakaribia kuisha, atafute dola 300 nyingine.

Kwa hiyo mtu akiniuliza afuate kipi, nami namuuliza: kesho asubuhi utaruhusiwa kugusa nini? Upo kwa mtoa huduma wa intaneti, unapandishwa minara na kutumwa kwa wateja? Lipa hiyo CCNA hata leo, utaila kila siku. Ofisi yenu inaishi ndani ya Microsoft 365 na Azure? AZ-104, cheti cha Microsoft cha kusimamia Azure, klaudi yao, na hawa angalau wana utu kidogo: wanataka uhuishe kila mwaka, lakini ni bure, mtandaoni, ukiwa kwako na chai yako. Uko kwenye ukaguzi benki, tazama CISA, cheti cha wakaguzi wa mifumo. ISACA, wanaokitoa, wana tawi hapa hapa Kampala, nenda ukakae na waliotangulia. Na kama hakuna unachoruhusiwa kugusa, basi usilipe kitu kwa sasa. Packet Tracer, programu ya kuigiza mtandao, ni bure, Linux ni bure hata kwenye laptopu inayozimika ukiitikisa. Mbembeleze mwenye funguo akuruhusu usimame nyuma yake anapofanya kazi. Hilo lina thamani kuliko ngazi yote ile ya rangi.

Wanaokariri majibu ya mitihani yaliyovuja sina neno nao. Usaili utawashughulikia.

Haya, kwa shingo upande nakubali: karatasi inafungua mlango. Zabuni zinataka vyeti vya wafanyakazi viambatishwe, na afisa anayechambua barua mia za maombi hana muda wa kusikiliza ulikesha na ruta gani. Naelewa. Ila wazee wenzangu wanakumbuka MCSE, cheti cha Microsoft cha seva, ilivyokuwa ufalme, watu wakiiandika mpaka kwenye kadi za biashara. Microsoft waliizika Januari 2021, na waliobaki kazini ni wale waliokuwa wanajua seva zenyewe.

Na nyinyi mnaoandika matangazo ya kazi, msijifiche. Nimeona tangazo linatafuta msaidizi wa IT, uzoefu wa mwaka mmoja, "awe na CISSP". ISC2 wenyewe, wanaokitoa cheti hicho, wanadai miaka mitano ya kazi katika angalau maeneo mawili kati ya manane ya usalama, na shahada inakupunguzia mmoja tu. Akifaulu mtihani bila hiyo miaka, anaitwa Associate, CISSP hapewi. Sasa huyo mwenye mwaka mmoja mnamtafuta wapi, na mkimpata, kwa mshahara ule mlioandika, mnadhani atawaambia ukweli kuhusu nini kingine?